Kodi Isipolipwa: Namna ya Kumpima Msimamizi Aliyemchagua Mpangaji

Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako wakazi wengi huishi katika nyumba za kupanga na wenye nyumba wengi huishi mbali na mali zao, kazi ya kumchagua mpangaji imeachiwa mtu wa tatu, ambaye Nairobi huitwa ajenti, Dar es Salaam huanza akiwa dalali na mara nyingine huendelea akiwa msimamizi, na katika mikataba huandikwa kwa cheo cha meneja wa nyumba. Kodi inapopita tarehe yake bila kulipwa, lawama ya kwanza humwangukia mtu huyo, na hukumu hutolewa upesi kwamba angemchunguza mpangaji ipasavyo, deni lisingekuwapo. Hoja hiyo inaeleweka, hasa inapotolewa na mtu aliyejenga kwa mkopo wa benki na anayeitegemea kodi kuulipa mkopo huo, lakini ina kasoro katika msingi wake, kwa sababu deni ni ushahidi wa jambo lililotokea baada ya funguo kukabidhiwa, ilhali uhakiki wa mpangaji, yaani uchunguzi wa uwezo na mwenendo wa mwombaji kabla hajakubaliwa, ni kazi iliyofanyika kabla ya siku hiyo, kwa taarifa zilizokuwa zikipatikana siku hiyo. Anayetaka kumhukumu meneja kwa haki analazimika kuzitenganisha nyakati hizo mbili.

Swali linalostahili kutangulia, ambalo mara nyingi huulizwa mwisho au lisiulizwe kabisa, ni iwapo kodi hiyo kweli haikulipwa. Katika majengo mengi ya vyumba vya kupanga kodi hupitia kwa keateka, yaani mtunza jengo anayeishi humo humo na kukusanya fedha mlango kwa mlango, na kati ya mkono wake na akaunti ya mwenye nyumba kuna nafasi ya kutosha ya fedha kupotea njiani. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, wasimamizi wengi wamehamia kwenye namba ya paybill, ambayo huacha kumbukumbu ya jina la mlipaji, kiasi na saa ya malipo; hata hivyo, pale mpangaji anapoelekezwa atume kwenye namba binafsi ya mtu, kumbukumbu hiyo hubaki katika simu mbili tu, na mojawapo ni ya mtu anayeshukiwa. Kwa hiyo kabla ya kuufungua mjadala wa uhakiki, mwenye nyumba hana budi kuziweka pamoja karatasi tatu, ambazo ni stakabadhi au ujumbe wa malipo alionao mpangaji, taarifa ya akaunti inayopokea kodi, na ripoti ya mwezi aliyoletewa na meneja. Zikitofautiana, tatizo si mpangaji, na uhakiki wake, uwe ulikuwa mzuri au mbaya, hauhusiki.

Ikithibitika kwamba deni ni la kweli, bado halijasema lolote kuhusu ubora wa uchaguzi. Mwaka 2020 ulitoa funzo kubwa katika jambo hili. Mwezi Machi mwaka huo, safari za ndege zilipositishwa na watalii wakaondoka, hoteli za Mombasa, Diani, Malindi na Zanzibar zilifunga milango au zilibaki na wafanyakazi wachache, na watu waliokuwa na mikataba ya ajira, hati za mshahara na sifa njema kwa wenye nyumba wao wa awali walijikuta hawana cha kulipa. Mpishi wa hoteli aliyepangishwa nyumba huko Bamburi mwezi Januari 2020 angepita katika uhakiki wowote wenye akili timamu, na mwezi Mei angekuwa mdaiwa. Kumlaumu meneja kwa hilo ni kumtaka awe mpiga ramli. Kinyume chake pia ni kweli, ingawa hakisemwi sana kwa sababu hakimuumizi mtu: mpangaji aliyelipa kwa miaka mitatu bila kuchelewa huenda alichaguliwa kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika na fedha mkononi, na meneja anayesifiwa kwa ajili yake anasifiwa kwa bahati.

Njia ya kutenganisha bahati na uzembe ni kulinganisha. Kama meneja anasimamia nyumba 40 na nyumba mbili ndizo zenye deni, wakati majirani wa mtaa huo huo wana hali hiyo hiyo au mbaya zaidi, deni hilo ni sehemu ya hatari ya kawaida ya biashara ya kupangisha. Lakini kama madeni yake yanazidi ya majirani, au yanawaangukia zaidi wapangaji ambao hawajamaliza hata miezi mitatu, dalili inaelekea kwenye uchaguzi. Muda ambao deni lilianza una uzito mkubwa hapa. Mpangaji anayeshindwa kulipa mwezi wa pili au wa tatu aghalabu alikuwa tayari na upungufu ambao uchunguzi ungeuonyesha, ilhali anayeshindwa baada ya mwaka na nusu kwa kawaida amepatwa na jambo jipya, kama vile kuachishwa kazi, maradhi, kuvunjika kwa ndoa au biashara kuungua.

Ushahidi wenyewe wa uhakiki unapatikana katika jalada la mpangaji, na meneja asiye na jalada amejihukumu kabla ya kesi kuanza. Humo panatarajiwa majibu ya mambo matatu yanayochanganywa mara kwa mara, ambayo ni uwezo wa kulipa, mwenendo wa kulipa, na urahisi wa kudaiwa. Uwezo ndio unaochunguzwa zaidi kwa kuwa una karatasi: hati ya mshahara, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, pamoja na kanuni ya mazoea isemayo kwamba kodi isizidi theluthi moja ya kipato. Lakini karatasi hizo hutengenezwa kwa kompyuta katika kibanda chochote cha uchapaji, na namba ya simu ya mwajiri iliyoandikwa na mwombaji mwenyewe yaweza kuwa ya binamu yake aliyekaa akisubiri kupigiwa. Meneja aliyeitafuta namba ya ofisi kwa njia yake mwenyewe, akapiga na kuandika tarehe na jina la aliyemjibu, amefanya kazi; aliyeambatisha nakala na kuigonga mhuri amekusanya karatasi tu.

Mwenendo ni mgumu zaidi kuuchunguza, na hapo ndipo ustadi wa meneja hujulikana. Wengi humpigia mwenye nyumba wa sasa wa mwombaji na kuridhika na sifa wanazozisikia, wakisahau kwamba mtu huyo ana sababu nzuri ya kumsifu mpangaji anayemchosha, maana akimsifu vizuri anaondokewa naye. Shahidi wa kuaminika zaidi ni mwenye nyumba wa kabla ya huyo, ambaye hana tena cha kupata wala cha kupoteza. Nchini Kenya zipo pia taasisi za taarifa za mikopo, zijulikanazo kwa herufi CRB, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake moja bila malipo kila mwaka, hivyo meneja hahitaji njia za vichochoroni kwa kuwa anaweza kumwomba mwombaji ailete mwenyewe. Ripoti hiyo lakini huhusu hasa mikopo ya benki na ya simu, si kodi ya nyumba, na kumkataa mtu kwa sababu aliwahi kuchelewesha mkopo mdogo wa simu ni ukali usio na maana. Benki Kuu ya Kenya yenyewe iliamua mwaka 2020 kwamba madeni yasiyofikia shilingi 1,000 yasipelekwe katika orodha hizo.

Jambo la tatu, urahisi wa kudaiwa, halimo katika fomu nyingi, na mfano wake ulio wazi zaidi unatoka Tanzania. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limekuwa kwa muda mrefu na wadaiwa sugu ambao miongoni mwao zimo wizara na taasisi za umma, kiasi kwamba mwaka 2016 Rais John Magufuli aliliagiza hadharani liwatoe wasiolipa bila kujali ni nani. Kwa kipimo cha uwezo, wizara ni mpangaji ambaye meneja yeyote angemtamani: haifilisiki, haihami usiku, na bajeti yake hupitishwa na Bunge. Ilichokosa si fedha bali ni sababu ya kuharakisha malipo, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba ingetolewa nje. Mpangaji mkubwa mwenye jina, awe ofisi ya umma, mtu maarufu au jamaa wa mwenye nyumba, anaweza kuwa na uwezo kamili na bado akawa hatari kuliko muuza mboga, na meneja aliyempokea kwa heshima bila kumwomba amana wala mdhamini ameshindwa kazi yake hata kama hati zote zilikuwa halali.

Huyo muuza mboga naye anastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mfumo wa hati za mshahara humwacha nje. Mama ntilie, dereva wa bodaboda, fundi seremala na mshonaji hupata fedha kila siku na hawana barua ya mwajiri, ilhali wao ndio wengi katika miji hii. Meneja mwenye akili hutazama taarifa ya fedha za simu ya miezi sita, si kwa kujumlisha kiasi kilichoingia, ambacho chaweza kuongezwa kwa kuzungusha fedha za rafiki, bali kwa kutafuta mstari mmoja tu: malipo ya kodi ya nyumba anayotoka, yaliyotoka kila mwezi karibu na tarehe ile ile. Mstari huo unasema kuhusu mwenendo wa mtu jambo ambalo hati ya mshahara haiwezi kulisema. Inafaa taarifa hiyo ipokewe moja kwa moja kutoka katika simu ya mwombaji akiwa mbele ya meneja, na si ikiwa imechapishwa tayari. Pale kipato kinapokuja kwa siku, kupanga malipo ya wiki badala ya mwezi huzuia madeni mengi ambayo baadaye yangeandikwa kuwa makosa ya uhakiki.

Dar es Salaam kuna desturi ambayo imelivuruga suala hili kwa namna yake. Mpangaji hutakiwa kulipa kodi ya miezi mitatu, sita au hata 12 kwa mkupuo, na tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, masharti hayo yameachwa zaidi kwa mapatano ya pande mbili. Wenye nyumba huiona fedha hiyo kuwa ndiyo uhakiki: aliyeweza kutoa shilingi 1,800,000 za miezi sita kwa siku moja ana uwezo, na hakuna haja ya kuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba fedha hiyo imethibitisha tu kwamba siku hiyo ilikuwapo. Huenda ilitokana na zamu yake ya kupokea katika upatu, na mchango wa ndugu waliotaka kumsaidia aanze maisha, au na kiinua mgongo cha kazi iliyokwisha. Na mwezi wa saba unapofika, upatu haujamzungukia tena, ndugu wamerudi kwenye shughuli zao, na kiinua mgongo kimekwisha. Deni la namna hii hushangaza kwa sababu mpangaji alionekana bora kuliko wote. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa na namba ya kitambulisho cha taifa, ambazo ndizo karatasi zinazodaiwa zaidi, huonyesha mtu ni nani na alikuwa akiishi wapi, na hazigusi kabisa kipato. Swali ambalo meneja wa Dar es Salaam angepaswa kuuliza siku ya kwanza ni fedha za miezi sita inayofuata zitatoka wapi, na kazi yake ya pili ni kulirudia swali hilo mwezi wa nne, wakati mpangaji bado ana muda wa kukusanya au wa kuhama kwa heshima.

Kuna uchunguzi mwingine unaojiita uhakiki na ambao hauna sifa hiyo. Wapo wenye nyumba wasiotaka polisi, wanasheria wala waandishi wa habari kwa kuhofia watu wanaojua kujitetea. Wapo wasiotaka wanawake wasioolewa, na wapo wanaouliza kabila au dini kabla ya kuuliza kazi. Mbali na kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi hata unaofanywa na mtu binafsi, maswali hayo hayatoi taarifa yoyote kuhusu malipo, na meneja anayeyatumia huwa ametumia nafasi yake ya kuuliza kwa mambo yasiyo na faida. Wakili naye hulipa kodi.

Sehemu kubwa ya hasara inayoandikwa kwa jina la uhakiki kwa kweli ni ya ufuatiliaji. Tuseme nyumba ya Nairobi inapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi na amana ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anapata habari za deni likiwa limefika miezi mitano, yaani shilingi 150,000. Amana inafunika mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili unaweza kuhojiwa kama kosa la uchaguzi. Miezi mitatu iliyobaki, ambayo ni shilingi 90,000, ilipotea kwa sababu hakuna aliyepiga simu tarehe sita, hakuna aliyeandika notisi, na hakuna aliyekaa na mpangaji kupanga namna ya kulipa kidogo kidogo. Meneja anayejitetea kwa kusema mpangaji alikuwa tapeli tangu mwanzo anajiongezea kosa, kwa kuwa tapeli ndiye angepaswa kufuatwa mapema zaidi.

Wala njia za mkato hazimwokoi. Kung'oa milango, kuezua paa au kubadilisha kufuli, mambo yanayoonekana mara kwa mara katika mitaa ya kipato cha chini, humgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Nchini Kenya, mali ya mpangaji inaweza kukamatwa kwa ajili ya kodi chini ya Sura ya 293 ya sheria, lakini kwa mkono wa dalali wa mnada mwenye leseni na kwa kufuata taratibu zake. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, ingawa England na Wales zenyewe ziliifuta mwaka 2014 na kubakiza utaratibu finyu unaohusu majengo ya biashara tu. Nyumba za makazi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 zina ulinzi wa ziada chini ya Sura ya 296 na baraza lake maalumu. Tanzania Bara, migogoro ya aina hii hufika katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Meneja anayezijua njia hizi tangu siku ya kuandika mkataba huandika tarehe ya malipo, muda wa notisi na anwani ya mdhamini kwa ukamilifu, na ukamilifu huo ni sehemu ya uhakiki kama ilivyo hati ya mshahara.

Mwenye nyumba aliyekwisha kuumwa na deni moja mara nyingi hudai ukali kupita kiasi, na hapo huanza hasara asiyoiona. Nyumba ile ile ya shilingi 30,000 ikikaa tupu miezi mitatu ikimsubiri mpangaji asiye na doa, shilingi 90,000 zimepotea kwa hakika, ili kuepuka hasara ambayo huenda isingetokea. Waliokataliwa hawarudi kueleza kwamba huko walikokwenda wanalipa vizuri, na kwa hiyo meneja mkali hasutwi kamwe na makosa yake, wakati meneja mwepesi husutwa kila tarehe tano ya mwezi. Ndiyo maana inafaa jalada lihifadhi kwa ufupi sababu za kukubali na za kukataa, huku nakala za vitambulisho na taarifa za fedha za waliokataliwa zikiharibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hazimruhusu mtu kulimbikiza taarifa za watu kwa muda usio na kikomo wala kuzitumia kwa kazi nyingine isiyokuwa ile aliyoziombea.

Limebaki suala la malipo ya meneja mwenyewe, ambalo huenda linaeleza zaidi kuliko tabia yake. Dalali wa Dar es Salaam hupokea kodi ya mwezi mmoja mpangaji anapoingia, na baada ya hapo hana faida wala hasara katika lolote litakalotokea. Ajenti anayelipwa asilimia ya kodi iliyokusanywa ana sababu ya kutafuta mlipaji mwema, isipokuwa pale mkataba unapompa pia ada ya kila mpangaji mpya, kwa kuwa hapo mpangaji anayeondoka baada ya miezi minne humletea ada ya pili. Mwenye nyumba aliyeandika mkataba wa namna hiyo kisha akalalamika kwamba wapangaji wake hawadumu ana sehemu yake katika deni. Ada ikigawanywa, nusu ikatolewa wakati wa kuingia na nusu baada ya malipo ya mwezi wa nne kupokelewa, maswali ambayo hayakuulizwa huanza kuulizwa bila mtu kusukumwa.

Na pale uchunguzi wa jalada, wa muda wa deni na wa ufuatiliaji unapoonyesha kwamba meneja hakika alizembea, kumwachisha kazi kunahitaji utaratibu. Amana za wapangaji wote huenda ziko katika akaunti yake, na mpangaji atakayehama mwakani ataidai amana yake kwa mwenye nyumba, si kwa ajenti aliyeondoka. Kwa hiyo orodha ya amana hizo, pamoja na fedha zenyewe, majalada na namba za wadhamini, hukabidhiwa kwa maandishi kabla ya barua ya kusitisha mkataba kutolewa, na wapangaji wote huarifiwa siku hiyo hiyo ni namba ipi wataitumia kulipia mwezi unaofuata.